Mswidi Aliyemo Ndani ya Simu Yako



Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ufanye jambo moja dogo. Ingia kwenye mipangilio ya simu yako, tafuta sehemu inayoeleza habari za simu yenyewe, kisha habari za kisheria, halafu leseni. Itafunguka orodha ndefu ya maandishi madogo ya Kiingereza ambayo sidhani kuna mtu hapa Mombasa aliyewahi kuyasoma mpaka mwisho. Katika simu nyingi, na katika programu nyingi tunazopakua kila siku, ukiteremka kwa subira utakutana na neno curl, na kando yake jina la mtu: Daniel Stenberg.

Hilo si jina la kampuni. Ni Mswidi aliyezaliwa mwaka wa 1970, anayeishi nje kidogo ya jiji la Stockholm na kufanya kazi nyumbani kwake. Hajawahi kukuuzia kitu, nawe hujawahi kumlipa, na bado kazi ya mikono yake unatembea nayo mfukoni. Nimeamua kumzungumzia leo kwa sababu kila baada ya siku chache hakosi mzazi wa kuniuliza, kwa kuwa anajua nina diploma ya kompyuta, kama kuna riziki yoyote katika hizi kazi ambazo mwanawe anakesha akizifanya kwenye laptopu bila kulipwa. Swali ni la haki, ila jibu lake si fupi. Maisha ya huyu bwana yanalijibu vizuri kuliko mimi.

Kwanza tujue anachokifanya. Curl ni hamali. Pale Marikiti unamwona mwenye mkokoteni akitoa gunia ghalani na kulifikisha dukani. Haulizi ndani mna mchele au maharagwe. Kazi yake ni kuijua njia, kubisha mlango ulio sawa, kuhakikisha mzigo haufunguliwi njiani, na kuukabidhi kwa mwenyewe. Sasa programu yoyote inayotumia intaneti inahitaji hamali wa namna hiyo. Unapotaka kujua hali ya hewa, habari iko kwenye kompyuta ya mbali. Lazima pawe na wa kwenda kuichukua. Gari likitaka ramani mpya, televisheni ikitaka kujisasisha, mchezo wa video ukitaka kupeleka alama za mtoto wako, safari ni zile zile. Mwenye kiwanda cha magari haoni haja ya kumlea hamali wake tangu utotoni. Anamchukua wa Stenberg, aliye tayari, anayezijua njia zote, na asiyedai ujira.

Hadai ujira kwa sababu curl ni programu huria. Hapa kwetu wako watengenezaji wa halua ambao mapishi yao hayatoki nje ya ukoo. Unanunua halua, unakula, unasifu, lakini kipimo cha sukari na muda wa kukoroga havikuhusu. Programu nyingi za kuuzwa ziko hivyo: unapewa kitu kilichokwisha pikwa, ule msimbo wake, yaani maandishi ambayo mtunzi aliyaandika ili kompyuta ifanye kazi, unabaki kabatini kwa mwenyewe. Programu huria ni kama fundi wa halua aliyebandika mapishi yake mlangoni. Yeyote apite, ayasome, akapike kwake, aongeze iliki, hata aiuze. Curl ina sharti moja la maana: ukiichukua, lile tangazo la haki za mtunzi na maneno ya leseni lazima uyabakishe. Ndiyo maana jina lake limo ndani ya simu yako.

Ilianza kwa jambo dogo kabisa. Mwishoni mwa 1996 Stenberg alikuwa kijana anayeandika programu mchana kwa mshahara, na jioni akichezea kompyuta kwa raha zake. Yeye na wenzake walikuwa na chumba cha mazungumzo kwenye intaneti, akataka kuwatengenezea kitu cha kubadilisha hesabu za fedha za nchi mbalimbali. Ili hesabu ziwe sawa, alihitaji kuchota viwango vya kila siku kutoka kwenye tovuti. Akakuta programu ndogo iitwayo httpget, iliyoandikwa na Mbrazili Rafael Sagula. Akairekebisha palipopungua, akamrudishia mwenyewe marekebisho, na baada ya muda mfupi akawa yeye ndiye mwangalizi wake. Tarehe 20 Machi 1998 akaitoa kwa jina la curl, ikiwa na mistari 2,200 ya msimbo. Leo imepita mistari laki moja na nusu, na kwa makisio yake mwenyewe nakala zilizowekwa kwenye vifaa duniani zinazidi bilioni 20. Binadamu wote tulioko duniani ni kama bilioni 8.

Mwezi wa Aprili 2021 helikopta ndogo ya Wamarekani iitwayo Ingenuity iliporuka kwenye sayari ya Mirihi, curl ilikuwa miongoni mwa programu huria zilizotajwa kuwa na mchango katika kazi ile. Viwango vya kubadilisha fedha vilifika mbali.

Lakini hilo sharti dogo la kubakisha jina limemletea vituko. Mtu ana gari, kioo cha redio kimekwama, anabofya kila kitufe, anaingia menyu hii anatoka ile, hatimaye anakuta anwani ya barua pepe ya binadamu, pengine ya pekee ndani ya gari zima. Anaandika. Stenberg amewahi kuombwa msaada na mwenye Toyota Corolla, kana kwamba yeye ndiye gereji. Mwanamke mmoja aliyeamini kuwa akaunti yake ya Instagram imeingiliwa aliliona jina hilo ndani ya simu na kukata shauri kwamba sasa amempata mdukuzi mwenyewe. Februari 2021 ilimfikia barua ya mtu asiyemjua akitishia kumchinja, kwa kumdhania kuwa ndiye chanzo cha hasara zake. Yule mtu alikuja kuomba radhi baadaye, lakini hebu fikiria kuamka asubuhi, unafungua barua pepe na kahawa mkononi, unakuta maneno kama hayo kwa sababu ya kitu ulichokitoa bure.

Kituko kinachonichekesha zaidi ni cha Januari 2022. Wakati huo dunia ya kompyuta ilikuwa katika taharuki kwa sababu ya mwanya wa hatari uliogunduliwa kwenye programu nyingine kabisa, iitwayo Log4j. Kampuni moja kubwa, miongoni mwa 500 tajiri za Marekani, ikamwandikia Stenberg ikimtaka ajibu orodha ya maswali ya usalama ndani ya saa 24. Kampuni hiyo haikuwa mteja wake. Haijawahi kumlipa hata senti. Na Log4j haimo ndani ya curl. Mimi hapo ningewajibu kwa Kimvita kizito, ila Mswidi aliwajibu kwa adabu: atafurahi kujibu kila swali mara tu watakapotia saini mkataba wa huduma.

Tunalijua jambo hili. Mtu akichimba kisima mtaani akakifanya cha wote, miaka kumi watu watateka maji bila kumkumbuka. Siku kamba ikikatika, saa kumi na mbili za asubuhi mlango wake unagongwa.

Turudi kwenye swali la wazazi. Je, mtu huyu anakula nini? Kwa sehemu kubwa ya umri wa curl, jibu lilikuwa mshahara wa kazi nyingine. Alifanya kazi za watu mchana, na curl akaipa saa mbili hivi kila siku, usiku na siku za mapumziko. Kati ya mwisho wa 2013 na mwisho wa 2018 aliajiriwa na Mozilla, wale wenye programu ya kuvinjari ya Firefox, ambao walimruhusu kuigusa curl kiasi fulani ndani ya saa za kazi. Ni mpaka Februari 2019 ndipo alipojiunga na kampuni ya wolfSSL na kuanza kulipwa kwa kuifanya curl kutwa nzima. Kampuni hiyo haiuzi curl, kwani iko bure. Inauza mikataba ya huduma: ukiwa na kiwanda na hamali wako amegoma usiku wa manane, kuna wa kumpigia simu, na huyo wa kupigiwa ndiye aliyemzaa hamali.

Hesabu basi. Kutoka 1998 hadi 2019 ni karibu miaka 21. Baba mmoja wa Majengo nilipomtajia hesabu hiyo alinyamaza kidogo, akaniambia, "Ndugu yangu, mimi nina karo ya wadogo zake wawili." Sikuwa na la kumpinga. Sijamwambia mzazi yeyote kwamba programu huria ni njia ya mkato ya kupata pesa, na anayewaambia hivyo vijana wetu anawadanganya.

Wala usidhani wenye pesa wanashindana kulipa. Stenberg aliwahi kuhesabu chapa za magari zinazotumia curl akapata 47. Zilizokuwa zikilipia huduma yake hazikufika hata moja. Hakuna sheria waliyovunja, leseni inawaruhusu. Lakini kuna halali ya karatasi na kuna uungwana, na mimi naona kampuni inayouza gari kwa mamilioni ya shilingi huku ikimpa hamali wake shukrani ya maandishi madogo tu, tena kwa sababu imelazimishwa, imepungukiwa na hicho cha pili.

Huenda ukasema hayo ni yao na makampuni yao. Hapana, yanatufikia. Aprili 2014 iligunduliwa kuwa OpenSSL, programu huria inayofunga kwa siri mawasiliano ya benki, maduka na barua pepe ulimwenguni, ilikuwa na mwanya uliokaa wazi miaka miwili. Mwanya ule ukaitwa Heartbleed. Watu walipochungulia ni nani anayeiangalia programu hiyo, wakakuta kikundi kidogo sana, mwenye kuifanya kama kazi ya kutwa ni mmoja tu, na michango iliyokuwa ikiingia kwa mwaka ni kama dola 2,000. Baada ya fedheha hiyo ndipo makampuni makubwa yalipoanza kuchanga.

La xz ni zito zaidi, na ningependa kila kijana anayesomea kompyuta alijue. Xz ni programu ya kubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Mwangalizi wake alikuwa Mfini, Lasse Collin, akiifanya kwa kujitolea. Mwaka wa 2022 wakajitokeza watu wasiojulikana kwa sura wakimsukuma kwa maneno: mbona unachelewa, mbona kazi hailetwi, mwachie mwingine. Bwana Collin akaeleza hadharani kwamba afya yake ya akili imekuwa ikimsumbua kwa muda mrefu, na akawakumbusha kuwa kazi hii haina malipo. Wakati huo huo alikuwako msaidizi mpole, mchapakazi, aliyejiita Jia Tan. Miaka zaidi ya miwili alileta marekebisho mazuri, akajibu kwa heshima, mpaka akakabidhiwa funguo. Mapema 2024 akapenyeza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva nyingi sana duniani bila kubisha.

Aliyemkamata hakuwa askari wa mtandao. Alikuwa mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia kwenye kompyuta anayoifanyia majaribio kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Mwingine angeenda zake kunywa chai. Yeye akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Majasusi wa Jia Tan, wawe ni nani, walikuwa wamesoma jambo ambalo makampuni hayakutaka kulisoma: kwamba mtu aliyeachwa peke yake na mzigo wa wote huchoka, na aliyechoka humshukuru yeyote anayejitolea kumpokea.

Sasa, Stenberg naye angeweza kuwa na mwisho kama huo. Kilichomwokoa, nionavyo mimi, ni watu. Orodha ya shukrani ya curl ina majina zaidi ya 3,000 ya waliowahi kusaidia. Wengi walileta jambo moja wakaenda zao: mmoja kasoro ndogo, mwingine sentensi iliyokosewa kwenye maelezo. Siku ya kawaida ya mwangalizi kama yeye ina kusoma kuliko kuandika. Anasoma pendekezo la mtu wa nchi ya mbali, anauliza kwa nini amefanya hivi wala si vile, anaacha mitambo ijaribu msimbo kwenye aina mbalimbali za kompyuta, kisha anakubali au anakataa. Kila baada ya wiki nane toleo jipya linatoka. Ni kazi ya ustahimilivu wa mwalimu wa chuo: wanafunzi wanabadilika, herufi ni zile zile, na kila mmoja anakosea pale pale alipokosea mwenzake wa mwaka jana.

Na ina safari zake. Kila mwaka, kipindi cha baridi kali kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, maelfu ya watu wa programu huria humiminika Brussels, Ubelgiji, kwenye kongamano liitwalo FOSDEM, katika majengo ya chuo kikuu cha ULB. Halina kiingilio wala kujiandikisha; unaingia, unatafuta chumba, chumba kikijaa unakosa. Stenberg huzungumza huko mara kwa mara. Watu wa curl wana mkutano wao mdogo pia, curl up, ulioanzia Nuremberg, Ujerumani, mwaka wa 2017, ukafuatia wa Stockholm 2018 na wa Prague 2019. Usiwaze umati. Ni watu wachache wanaoweza kukaa chumba kimoja.

Faida yake ni kubwa kuliko hotuba. Watu hawa wamesomana maandishi miaka mingi bila kuonana. Maandishi ni makavu. Mtu akikuandikia "hii haifai" unaweza kununa wiki nzima. Ukikutana naye ukamwona ni mzee mcheshi anayependa kuzungumzia wajukuu, barua yake ya pili unaisoma kwa sauti nyingine. Sisi watu wa barza hatuhitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Lakini hapa ndipo penye kisa kilichonifanya nimkumbuke bwana huyu kila ninapoona kijana wetu na bahasha ya ubalozi. Juni 2017 Stenberg alifika uwanja wa ndege wa Arlanda, Stockholm, akielekea San Francisco kwenye mkutano wa mwajiri wake, Mozilla, kampuni ya Marekani. Alikuwa ameshakwenda Marekani zamani bila tatizo. Kwenye kaunta akaambiwa haruhusiwi kupanda ndege. Sababu hakupewa. Mizigo ikarudi, naye akarudi nyumbani.

Oktoba ya mwaka huo huo, mfalme wa Uswidi, Carl XVI Gustaf, akamkabidhi nishani ya dhahabu ya Tuzo ya Polhem, heshima kubwa ya uhandisi nchini kwao, kwa kazi yake ya curl. Nishani mkononi, mlango wa Marekani umefungwa. Aprili 2018 akaomba viza kwa njia ya kawaida, akahojiwa, akasubiri. Alipata jibu la ndiyo Novemba 2020, baada ya siku 937, wakati janga la korona limezizuia safari za dunia nzima.

Sisimulii haya ili tufurahie kuwa Mzungu naye ameonja. Nasimulia kwa sababu katika siku zote 937 curl haikusimama hata siku moja. Matoleo yalitoka kwa wakati, na mashine za Marekani zilizomkataa mwenyewe ziliendelea kubeba mizigo yao kwa hamali wake. Kazi hii haiulizi pasipoti. Msimbo ukiletwa, unasomwa msimbo. Unaitwa Mohamed au Mwanaisha, unatoka Kisauni au Pate, anayesoma upande wa pili anataka kujua kitu kimoja: je, inafanya kazi? Kwa kijana wa pwani aliyezoea kuulizwa kitambulisho cha babu yake kabla ya kupata chake, hiyo si faida ya kudharau.

Ila tusijidanganye, mikutano inaiuliza pasipoti. FOSDEM haina kiingilio, lakini Mkenya anahitaji viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ombi lake ni yuro 90, na ukikataliwa hazirudi. Ongeza tikiti na taarifa za benki ambazo kijana asiye na kazi hana. Wale waliokaa pamoja Brussels wanarudi makwao wakiaminiana, na wa kwetu anabaki jina kwenye kioo. Jia Tan naye alikuwa jina kwenye kioo, na baada yake waangalizi wamekuwa waangalifu zaidi na mtu wasiyemjua. Bei ya usaliti ule analipa pia kijana wa Likoni asiyehusika. Mikutano ikija Afrika mambo hubadilika. Mwaka wa 2016 watu wa Debian, mojawapo ya miradi mikongwe ya programu huria, walifanya kongamano lao la kila mwaka Cape Town. Natamani kuuona wa namna hiyo Mombasa. Hoteli tunazo, na bahari wageni wataipenda wenyewe.

Kuna jambo jingine jipya ambalo linawahusu vijana moja kwa moja. Kuanzia 2019 curl ilikuwa ikitoa zawadi ya fedha kwa anayegundua mwanya wa usalama, na ililipa zaidi ya dola 80,000 kwa jumla. Kisha ikaja hii akili mnemba. Watu wakaanza kuiambia mashine iwaandikie ripoti ya mwanya, ndefu, yenye Kiingereza safi, isiyo na ukweli wowote, na kuituma wakitumaini bahati. Katikati ya 2025 Stenberg alikadiria kuwa takriban moja katika kila ripoti tano ni takataka ya aina hiyo, na kila moja inakula saa za watu wanaojitolea. Mwisho wa Januari 2026 zawadi zikafungwa. Akili mnemba yenyewe hakuikataa. 2025 hiyo hiyo mtafiti mmoja alitumia zana zake kwa uangalifu akaleta makumi ya kasoro za kweli, na akashukuriwa. Tofauti ni kwamba alihakiki kabla ya kutuma.

Basi nikimjibu yule baba wa Majengo na wenzake: mwanao akiifanya kazi hii vizuri, miaka ya mwanzo hatalipwa. Atakachokusanya ni ushahidi. Kila rekebisho lililokubaliwa linabaki hadharani na jina lake na tarehe, na mwajiri wa Nairobi au Berlin anaweza kulisoma bila kumwuliza nani alimpeleka. Kwa sisi ambao vyeti vyetu vimekaa bahashani tukingoja mtu wa kutushika mkono, hilo ni tofauti kubwa. Lakini anahitaji kitu kingine cha kumlisha wakati huo, kama Stenberg alivyokuwa na kazi yake ya mchana. Mwache atengeneze simu, afundishe, auze vocha, na usiku apewe saa zake mbili.

Na Wakenya si wageni kwenye uwanja huu. Mapema 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, vijana wa Kenya walitengeneza kwa haraka programu ya kukusanya habari za ghasia kwenye ramani, wakaiita kwa neno letu wenyewe, Ushahidi. Waliifanya huria, na tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti mwaka wa 2010 ilitumika huko kuwatafuta walionasa. Neno la Kiswahili lilisafiri bila viza.

Wa kuanza asianze na curl, ni ngumu. Achague programu huria anayoitumia kila siku na kuijua kasoro yake. Asome kwanza mazungumzo ya wenyewe kwa wiki mbili tatu bila kusema kitu, kama mgeni anavyokaa pembeni ya barza mpaka ajue nani ni nani. Kisha alete jambo moja dogo: maelezo yaliyokosewa, au tafsiri ya Kiswahili inayosomeka kama imetafsiriwa na mashine, ambazo Mungu anajua ziko tele. Akiambiwa arekebishe, arekebishe, asinune. Hapa Mombasa anaweza kupita Swahilipot, karibu na Fort Jesus, akakutane na vijana wenzake wa mambo ya kompyuta. Na kama nyumbani umeme unakatika kila jioni, basi amka naye alfajiri. Mistari miwili mitatu iliyoandikwa baada ya swala ya asubuhi inasomwa Stockholm kabla hawajamaliza kahawa yao.